Sindano imeingia kwenye mshipa au imeishia mkiani? Kutafuta tatizo kwa kamera ya mng'ao

Kijana wetu wa mazoezi alimchoma panya wa tano, akachomoa sindano, akabana mkia kwa pamba, akaniangalia. "Dada, hii imeingia safi kabisa, nimeisikia mkononi." Nikamwambia sawa mdogo wangu, mlaze kwenye boksi la kamera tumpige picha kwanza. Ilikuwa asubuhi ya Juni hapa Mbeya, ile baridi ya kuvaa sweta chini ya koti la maabara, na kwenye skrini mkia ukaja na doa linalowaka, refu kama punje tatu za mahindi zilizopangwa mstari, mwili mzima giza. Yaani dozi yote ilikuwa imelala chini ya ngozi, haijaenda popote. Kijana alinyamaza. Nikamwambia picha hii sio ya kukusuta wewe, ni kwa ajili ya huyu panya, maana bila picha angeingia kwenye hesabu kama amepata dawa wakati hajapata, halafu mwisho wa utafiti mtu anaandika dawa haifanyi kazi kumbe dawa haikufika.

Hilo ndo linaloniuma na ndo limenifanya niandike. Panya ametolewa uhai wake, amebanwa, amechomwa, halafu data yake inakuwa ya uongo kwa sababu hatukuangalia. Na mkono wenye uzoefu nao unakosea, nimeona watu wa miaka kumi kazini wakikosea. Kwa hiyo sisi tunaweka rangi inayong'aa kwenye sindano na tunapiga picha tatu kwa kila panya: moja kabla hajachomwa, ya pili ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuchoma, ya tatu kama dakika 15 baadaye. Wengi wanapiga ile ya pili tu na hapo ndo matatizo mengi yanapoanza, utaona huko chini.

Picha nzuri inaonekanaje

Huwezi kujua kibaya kama hujui kizuri. Rangi mbili ndo zinatumika sana. Ya kwanza ni fluoresini, ile ile ya madaktari wa macho, unaimulika kwa mwanga wa bluu wa karibu nanomita 490 nayo inarudisha kijani cha karibu 520. Ya pili ni indosianini ya kijani ambayo kila mtu anaiita ICG, hii inamulikwa karibu nanomita 780 mpaka 800 na inarudisha karibu 820 mpaka 830, mwanga ambao jicho halioni kabisa, mpaka kamera inayoona infraredi.

Fluoresini ikiingia kwenye mshipa kwa panya mweupe unaona masikio, pua, macho na nyayo zinawaka kijani ndani ya sekunde chache, inapendeza kuangalia kwa kweli. Lakini mwanga wa bluu na kijani hauzami ndani ya nyama, unaishia juu juu, kwa hiyo usitegemee kuona ini wala moyo. Baadaye inatoka kwa figo, mkojo unawaka. ICG yenyewe inashikana na protini za damu hasa albumini, mwili mzima unapata mwanga haraka, dakika moja mbili ini ndo linakuwa kitu king'avu kuliko vyote, halafu inashuka na nyongo kwenda kwenye utumbo. Kwenye damu haikai, kwa binadamu inapungua nusu kila dakika tatu nne hivi, na kwa panya nako ni mambo ya dakika. Mkia kwenye sindano nzuri unabaki na nukta ndogo tu pale sindano ilipopita, na picha ya dakika 15 nukta hiyo imefifia au imebaki vile vile, haijakua.

Jambo moja la wanaofanya na panya wakubwa na wadogo kwa pamoja: panya mdogo ana kibofu cha nyongo, panya mkubwa wa maabara hana. Kwa hiyo kwa mdogo unaweza kuona doa la nyongo likijikusanya karibu na ini, kwa mkubwa inatiririka moja kwa moja utumboni. Usije ukahangaika kutafuta doa ambalo halipo.

Mkia unawaka, mwili giza

Hii ni rahisi kuitambua, dozi imekaa nje ya mshipa. Swali ni kwa nini, na kwa huku kwetu nyanda za juu sababu ya kwanza ninayoitafuta ni baridi. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10, Njombe na Makete ndo usiseme. Panya mdogo anajisikia vizuri kwenye nyuzi karibu 30, sasa chumba kikiwa na 16 mwili wake unafunga mishipa ya mkia ili kubana joto, mshipa unakuwa uzi. Unauona kwa shida, ukiuchoma unautoboa upande wa pili.

Dawa yake ni kumpasha joto vizuri na bila haraka. Mkia kwenye maji ya nyuzi 38 mpaka 40 kwa dakika moja mbili, pima kwa kipimajoto usipime kwa kidole maana kidole kilichotoka kwenye baridi kinadanganya, au taa ya joto kwa umbali usiomuunguza, dakika chache, na wewe umesimama hapo hapo unamwangalia. Akianza kutema udenda na kulowa manyoya umezidisha, mtoe. Halafu mchome ndani ya muda mfupi, ukienda kutafuta kalamu mshipa umeshajifunga tena.

Sababu ya pili ni mshipa wenyewe. Mkia una mishipa miwili ya pembeni, kushoto na kulia, hiyo ndo yako. Chini katikati kuna ateri, iache. Anzia karibu na ncha ya mkia ili ukikosa upande juu kuelekea mwilini, ukianzia juu ukakosa halafu ukashuka chini, dawa inapita kwenye tundu ulilolitoboa na kuvuja pale, kwenye picha unaona doa mahali ambapo sindano ya mwisho haikuchoma na unachanganyikiwa. Sindano geji 27 mpaka 30, iende karibu sambamba na mkia, mshipa uko juu sana wala hauhitaji kuzama.

Ishara za mkono bado zinasaidia, sisemi uzitupe: pistoni inateleza bila kusukuma kwa nguvu, mshipa unafifia rangi pale dawa inapopita, hakuna kivimbe cheupe. Ukisikia ugumu acha hapo hapo. Usisukume ukitumaini itaenda.

Mkia unawaka na mwili unawaka

Hapa ndo pana kazi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu picha moja ina maana nne tofauti na mtu akikimbilia moja anakosea.

Inawezekana kweli nusu imeingia na nusu imevuja, ulianza ndani ya mshipa halafu panya akavuta mkia sindano ikatoka. Inawezekana imeingia yote vizuri ila tone limerudi nje ulipochomoa na limepaka ngozi. Hili la tone ni la kwanza kuliondoa kwa sababu ni rahisi, chukua gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, yenye maji kidogo, futa mkia kutoka mwilini kwenda nchani, piga picha tena, na gozi yenyewe ipige picha. Doa likihamia kwenye gozi basi lilikuwa juu ya ngozi. Nimeshaona panya wanatupwa kwenye hesabu kwa ajili ya doa ambalo gozi ingeliondoa.

Ya tatu ni limfu, na hii imeniponza muda mrefu kabla sijaielewa. ICG ni rangi ambayo madaktari wanaitumia makusudi kuonyesha njia za limfu, maana ukiidunga chini ya ngozi limfu inaichukua. Sasa mkiani njia za limfu zinapita pembeni, jirani kabisa na ile mishipa miwili. Ukivuja chini ya ngozi, baada ya dakika chache unaona mstari mwembamba mzuri unapanda kuelekea mwilini, mtu anafurahi anasema ona mshipa huo, kumbe sio mshipa. Tofauti yake unaiona ukitulia. ICG ya kwenye damu inafifia kila dakika inayopita, mstari wa limfu unabaki au unazidi kukolea, na ukirekodi video badala ya picha unaona inasogea kwa kusukumwa sukumwa, kipande kwa kipande, kama kitu kinachomezwa kwenda juu. Mwishoni mwa mstari kwenye shina la mkia na nyonga unakuta vinukta, hizo ni tezi, ndo kule kunakovimba mitoki kwa binadamu. Vinukta hivyo vikionekana kwenye picha ya dakika 15 na ini ni hafifu, dozi yako ilivuja, hata kama mkia ulionekana wa kawaida mwanzoni.

Ya nne ni kinyume chake, mkia unaonekana safi wakati sio safi. ICG ikiwa nzito mno inajizima yenyewe, chembe zake zikisongamana zinakula mwanga wa wenzake. Kwenye plazma, yaani maji ya damu yaliyotolewa seli, kilele cha mng'ao wake kiko karibu maikrogramu 80 kwa mililita, ukizidi hapo unaongeza rangi na mwanga unapungua. Tupige hesabu ya kawaida: panya wa gramu 20, dozi ya miligramu 1 kwa kilo, ni maikrogramu 20 ndani ya maikrolita 100, sirinji yako ina maikrogramu 200 kwa mililita. Ikiingia kwenye damu, ambayo kwa panya huyo ni kama mililita moja na nusu, inakuwa karibu 13 kwa mililita na inawaka vizuri. Ikivuja inabaki na uzito wake ule ule wa sirinji, iko upande mbaya wa kilele. Ukiwa umetengeneza nzito zaidi ndo mbaya zaidi, doa la kuvuja linaonekana hafifu katikati na kingo tu zinawaka, kama pete. Ukiona pete mkiani usiseme ni kidogo. Subiri zile dakika 15, majimaji ya mwili yataipunguza uzito na doa litawaka lote, wakati mwili umeanza kufifia. Sindano nzuri inafifia, iliyovuja inakolea. Ndo maana nasema picha ya pili peke yake haitoshi.

Watu wananiuliza basi ni asilimia ngapi imevuja. Picha ya juu juu ya namna hii haikupi asilimia ya kuaminika, mkia ni mwembamba na mwanga wake unatoka wote, ini liko ndani na mwanga wake unaliwa njiani, ukigawanya moja kwa lingine unapata namba yenye sura ya sayansi na haina maana. Sisi tunatumia makundi matatu tu, safi, nusunusu, na nje. Ili kujua nusunusu inafananaje tulichukua mizoga ya panya waliokwisha kutumika kwenye kazi nyingine yenye kibali, tukadunga chini ya ngozi ya mkia kiasi tunachokijua, maikrolita 5, 10, 25, 50, tukapiga picha kwa kamera ile ile na taa ile ile, tukazibandika ukutani juu ya boksi. Hakuna panya hai aliyechomwa kwa ajili hiyo. Mizoga haina mzunguko wa damu kwa hiyo inafaa kulinganisha picha ya mwanzo tu, sio ya dakika 15.

Hakuna kinachowaka popote

Usianze kumlaumu mchomaji. Weka tone la mabaki ya sirinji kwenye kisahani, liweke kwenye boksi, piga picha. Tone likiwa giza tatizo ni rangi au kamera, tone likiwaka tatizo liko kwa panya au kwenye dozi. Kwa ICG lipunguze tone uzito kwanza kwa plazma au albumini kwa sababu ya kule kujizima nilikosema.

Rangi inakufaje. ICG ikishayeyushwa kwenye maji haidumu, mwanga unaiharibu na hata gizani inaharibika ndani ya saa kadhaa, itengeneze siku ile ile, funika foili. Iyeyushe kwa maji safi ya sindano, sio salaini, kwenye salaini inaweza kuganda chembe chembe. Nimekuta mtu ana chupa ya jana kwenye friji imeandikwa vizuri kabisa tarehe na jina na ameipanga kuchoma panya kumi. Hapana. Fluoresini yenyewe ni ngumu kufa lakini inapungua mwanga kwenye majimaji yenye asidi, kama dawa unayochanganya nayo ina asidi utaona kijani kinanywea. Na zile ampuli za macho za asilimia 10 zina miligramu 100 kwa kila mililita, usimchome panya hivyo hivyo.

Halafu dozi yenyewe. Sirinji ya mililita 1 yenye sindano ya kubandika inabakiza dawa kwenye shingo, inaweza kufika maikrolita 50 na zaidi, sasa kama dozi ni 100 umeona hasara hiyo. Za insulini zenye sindano iliyoshikana moja kwa moja hazibakizi karibu kitu, tunazipenda, ila soma maandishi: kwenye zile za uniti 100 kwa mililita, uniti 10 ni maikrolita 100, kwenye za uniti 40 kwa mililita, uniti 10 hizo hizo ni maikrolita 250. Ukichanganya boksi mbili kwenye droo moja umemzidishia panya mara mbili na nusu, na kwa panya wa gramu 20 kusukuma 250 kwa mkupuo ni nyingi, kawaida tunabaki kwenye mililita 5 kwa kilo ambayo kwake ni maikrolita 100.

Kamera sasa. Simu yako haitaona ICG, simu nyingi zina filta inayokata infraredi, usipoteze asubuhi nzima kujaribu. Kwa fluoresini simu inafaa ukiweka filta ya rangi ya chungwa mbele ya lenzi na taa ya LED ya bluu.

Na tena baridi: panya aliyelala kwa nusukaputi bila godoro la joto anapoa haraka, damu inakwenda taratibu, rangi inachelewa kufika masikioni. Mguse. Akiwa wa baridi mpashe, ngoja dakika mbili, piga tena kabla hujaandika "haikuingia".

Kila kitu kinawaka

Panya anawaka, meza inawaka, ukuta wa boksi unawaka. Huo sio mng'ao wa rangi, ni mwanga unaovuja.

Jaribio langu la kwanza ni kijiko cha chuma. Kisafishe vizuri, kiweke kwenye boksi mahali pa panya, washa taa, piga picha kama kawaida. Chuma safi hakina mng'ao wake chenyewe kama wa rangi zetu, kwa hiyo kijiko kikionekana kinameremeta basi unachokiona ni mwanga wa taa umepita kwenye filta. Usitumie karatasi nyeupe, karatasi inatiwa dawa ya weupe ambayo yenyewe inang'aa na itakuchanganya. Kijiko kikimeremeta hata taa ya boksi ikiwa imezimwa, mwanga unaingia kutoka nje ya boksi.

Kwa ICG mwanga wa nje una hila yake. Chumba kinaonekana giza totoro kwako na kamera inaona mchana. Taa ya joto ya globu, ile ile uliyompashia panya, inatoa infraredi nyingi mno, ukiisahau inawaka pembeni picha zote zinakuwa nyeupe. Tulihangaika nusu siku kwa hilo. Na pazia jeusi nalo sio jeusi kwa infraredi, vitambaa vingi vyeusi vinapitisha au kurudisha mwanga huo, tulishona pazia la kitambaa tulichonunua sokoni Mwanjelwa, kizito na cheusi kama makaa, jua la saa tano likapita kama hakuna kitu. Foili nene mbili nyuma ya pazia zikamaliza tatizo. Ukitaka kujua kitambaa chako, kiweke mbele ya kamera ya infraredi dirishani uone kama unaona nje.

Sababu nyingine ni kuacha ekspoja, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ndefu mpaka picha imeungua. Ukiona nyeupe tupu isiyo na kingo wala tofauti, punguza muda. Panga ekspoja kwa panya wa kwanza, halafu panya wote wapigwe kwa ekspoja hiyo hiyo, ukiibadilisha kila mara huwezi kulinganisha. Umeme ukipanda na kushuka LED nazo zinapanda na kushuka, sisi tumehamia kwenye betri ya gari na kidhibiti, na kwenye kila picha ya fluoresini tunaweka pembeni kikaratasi kilichopakwa kalamu ya hailaita ya njano, kikipungua mwanga tunajua ni taa sio panya. Kikaratasi kinachujuka kwa mwanga, kipya kila wiki.

Tumbo linawaka kabla hata hujachoma

Ndo faida ya ile picha ya kwanza. Angalia chakula. Huku kwetu chakula cha panya mara nyingi kinachanganywa kienyeji, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, na mtu anaongeza majani ya lusini kwa sababu yapo na ni mazuri. Lusini ina klorofili, na klorofili inang'aa nyekundu mpaka inaingia kwenye infraredi ya mwanzo, nanomita 670 mpaka 730 na mkia wake unaendelea mbele. Utumbo mzima unawaka. Ukitaka uthibitisho chukua vinyesi kutoka kwenye maranda, vimulike kwa bluu ukiangalia kupitia filta ya chungwa, vinawaka vyekundu kama vikaa vidogo. Wanaotumia rangi za eneo la 700 ndo wanaumia zaidi, ICG inaumia kidogo kwa kuwa iko mbali. Suluhisho ni kuwahamishia chakula kisicho na majani mabichi wala makavu kwa wiki moja mpaka mbili kabla, kwa makubaliano na daktari wa mifugo, na makundi yote yahame pamoja, sio kundi la dawa peke yake.

Maranda nayo. Huku tunapata ya misonobari kutoka Sao Hill, masafi na ya bei nafuu, ila vumbi la mbao linang'aa kwenye kijani na likishika kwenye manyoya unapata vidoa vidoa. Mkojo uliokauka mkiani pia unang'aa. Mfute panya kabla ya picha ya kwanza. Na kalamu za kuandika namba mkiani zijaribu kwanza kwenye boksi, kuna nyekundu na zambarau zinazowaka kuliko rangi yenyewe na kuna nyeusi zinazoficha doa lililo chini yake, hamishia alama sikioni.

Panya weusi

Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi na nywele, inakula mwanga. Panya mweusi hata umnyoe ngozi yake ina mabaka meusi pale nywele zinapoanza kuota, ini linaonekana hafifu upande mmoja na mtu anadhani ni dozi. Fluoresini kwao karibu haina maana zaidi ya nyayo na macho. Tumia ICG, mnyoe siku moja kabla, linganisha mweusi na mweusi, usimlinganishe na mweupe hata siku moja. Mkia wake pia ni mweusi kwa hiyo doa la kuvuja linaonekana dogo kuliko lilivyo.

Mapafu yanawaka na hayapoi

Kwa rangi tupu haitakiwi. Ukiona hivyo fikiria vigandio, ICG iliyoganda kwenye salaini au chembechembe za dawa zilizoshikana, zinakwama kwenye mishipa midogo ya mapafu maana ndo kituo cha kwanza baada ya moyo. Kama unachoma seli, seli ni kubwa, zitakwama mapafuni hata ukichoma vizuri kabisa, hiyo ni tabia yake. Panya akipumua kwa shida acha kila kitu umhudumie.

Picha ni safi lakini matokeo hayaeleweki

Jiulize kama rangi na dawa vinasafiri pamoja. Ukichanganya ICG na dawa kwenye sirinji moja unathibitisha kwamba sindano iliingia, huthibitishi dawa imekwenda wapi baadaye. Na kama rangi imefungwa kwenye dawa yenyewe, angalia isije ikawa imeachia: rangi inayokimbilia nyongo na utumbo ndani ya nusu saa wakati dawa yako inatakiwa kukaa kwenye damu siku nzima, hiyo ni rangi iliyo huru. Pia jaribu mezani kabla, changanya dawa na rangi kwenye kichupa, acha saa moja, mulika uone kama imebadilika au imeganda.

Lingine ni daftari. Amua kabla ya siku ya kuchoma panya wa nusunusu atafanywaje, andika, na mtu anayesoma picha asijue panya yupo kundi gani. Ukiamua baada ya kuona matokeo, hata kwa nia njema, utajikuta unawatoa wale wanaokuharibia. Panya wa "nje" nao waandikwe, wangapi na kwa nini, wasipotee kimya kimya. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo na kamati ya maadili ya kwenu ipo, wakiona una picha za kila panya hata idadi ya panya unayoomba mara ijayo inaweza kupungua, kwa sababu hulazimiki tena kuongeza wa akiba kwa ajili ya sindano zilizokosea.

Na panya aliyevujiwa hajaisha habari yake siku hiyo. Dawa nyingine zinachoma nyama, doksorubisini, dawa ya saratani, ikivuja inaua ngozi, mkia unakuwa mweusi baada ya siku kadhaa. Kesho yake asubuhi kabla ya kubadilisha maji mshike mkia kwa mkono, angalia pale doa lilipokuwa kwenye picha, uvimbe, wekundu, ubaridi wa ncha, andika, na ukiona chochote mwite daktari wa mifugo asubuhi hiyo hiyo.